Nyani Aliyekaa Kwenye Usukani

Mama mkwe wangu ameishi Kabazi tangu aolewe, na mbuga ya Ziwa Nakuru si mbali na huko, lakini hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Alisema hawezi kulipa ili aone wanyama ambao wakija shambani kwake huwafukuza bure. Ilibidi mume wangu amdanganye kwamba tiketi zilitolewa kazini, na zisipotumika Jumamosi ile zitaharibika. Mama havumilii kitu kuharibika hata kidogo.

Tulimpata steji ya matatu amevaa gauni la kanisa, na mkononi hotipoti mbili, moja ya chapati na nyingine ya kuku. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu na bado nilimwogopa kidogo, kwa hiyo nikampisha kiti cha mbele, nikakaa nyuma kimya.

Mbuga haikumgusa moyo. Tulipokuta kundi la nyati, aliuliza wanakamuliwa na nani, na alipoambiwa hawakamuliwi akasema hiyo ni hasara tupu. Pundamilia, kwa maoni yake, walinona kwa kukosa kazi. Mume wangu, aliyekuwa amesoma kitabu cha ndege wiki nzima, alimwonyesha flamingo wakiwa wamejaa ukingoni mwa ziwa. Mama akataka kujua mayai yao huchemka kwa dakika ngapi. Kitabu hakikuwa kimefika hapo.

Tukapanda hadi kwenye jabali la kutazamia ziwa, mahali ambapo watu huruhusiwa kushuka garini. Tulishuka kupiga picha. Dirisha la dereva lilibaki wazi, na tulipogeuka, nyani dume alikuwa ameketi kwenye usukani wa Probox yetu, hotipoti ya chapati mapajani, anakula bila haraka. Kila alipoegemea mbele, honi ililia. Watalii waliokuwa wakipiga picha ziwa wakaliacha ziwa.

Mume wangu alikwenda kumfukuza. Alipiga makofi, akasema "shii" mara kadhaa. Nyani akafungua mdomo, akamwonyesha meno yote aliyokuwa nayo, na mume wangu akarudi kwetu kinyumenyume.

"Ulisimama kama mtu anauliza njia," mama yake akamwambia. "Hata mimi singekuogopa."

Nikajitolea kwenda mimi. Mama akanishika mkono, akanieleza kwa upole ambao sikuuzoea kwamba nyani hawamhesabu mwanamke. Mzee wake alipofariki, mwanzoni walikuwa wakiingia kwenye mahindi yake yeye akipalilia mstari wa pili, na hata hawakuinua kichwa. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nipe koti. Na hiyo kofia."

Akavaa koti juu ya gauni, akavuta ile kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, kitambaa chake cha kichwani kikafichika. Aliitazama pia suruali ya mume wangu, akaifikiria. Mume wangu akarudi nyuma hatua moja. Mama akaamua koti litatosha.

Alipoanza kutembea alikuwa mtu mwingine. Mabega yalipanuka, miguu ikaachana, wa kushoto ukiburuzika kidogo. Hakuharakisha. Alipokaribia gari akakohoa mara mbili, kikohozi kizito cha mwanaume aliyekuta lango lake limefunguliwa. Nyani akaacha kutafuna. Mama akasema maneno machache ya Kikuyu ambayo gauni lile halijawahi kuyasikia. Nyani akaweka hotipoti kitini, karibu kwa heshima, akatoka kwa dirisha na kupotelea kichakani. Watalii wakapiga makofi.

Nilimgeukia mume wangu tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Hiyo ni kikohozi ya baba," akasema. "Hata mguu ni wake."

Mama alikuwa anavua kofia. "Nyani wa kwetu bado wanajua yuko," akamwambia. "Kila asubuhi navaa koti lake, nawapitishia mwendo wake. Wakijua nimebaki peke yangu, sitavuna."

Mume wangu alimsaidia kuvua koti, akalishika muda, halafu akamwomba akohoe tena. Mama akamwuliza kama ni mgonjwa. Akaomba tena, na mama akakohoa, safari hii kwa madaha, akaongeza na ile namna mzee alivyokuwa akitema mate kando. Hapo mume wangu alicheka hadi akaegemea gari, machozi yakimtoka, na mama akacheka akimpigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Tukafuta viti kwa gazeti. Kuku alikuwa salama, na mama akatoa uamuzi kwamba nyani aligusa chapati za juu tu. Akazitenga hizo, akaniwekea ya katikati kwenye kiganja na kusimama akinitazama.

Nikaila yote. Ilikuwa tamu sana.