Tano na Sita

Mtakwimu wa kituo chetu cha utafiti wa ndizi, hapa Mitunguu, hakuruhusu upande kitu kabla hujamjibu, yeye na kikombe chake cha chai: “Kama dawa yako haifanyi kazi kabisa, katika majaribio mia bahati ikudanganye mara ngapi?” Mbolea anaiachia kumi. Dawa ya mnyauko unaoua migomba, tano.

Daktari Kithinji alikubali tano, akapanda. Majibu yakatoka: bahati ingeweza kudanganya mara sita katika mia. Akaja na mkungu mzima. “Madam, tano na sita si ni majirani?”

Mtakwimu akamenya ndizi moja taratibu, kama kawaida yake. “Ni majirani, Daktari, lakini kila mmoja na boma lake. Rudia.”

Jioni nilimkuta Madam shambani kwake, anang'oa migomba iliyokufa kwa mnyauko huo huo huku akiimba wimbo wa kanisani. “Mwambie Daktari arudie haraka,” akasema.