Siku Nilipoharibu Kikwembe cha Njano Mbele ya Madaktari

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule mama aliyejinyea mbele ya madaktari pale Butembo, kina mama wa parokia wakitazama, tena nikiwa nimejifunga kikwembe kipya cha njano. (Njano, wapendwa! Si ningevaa hata cheusi?)

Tatizo langu lilianza tulipokimbia vita kutoka Lubero. Nilijifungua porini, nikachanika vibaya, na tangu hapo choo hutoka kinapotaka chenyewe. Ndiyo maana nikiwa na mkutano huwa sili. Lakini asubuhi ile dada yangu wa mtaa wa Kimemi, niliyelala kwake, alinipakulia maharagi na viazi vya Musienene, nami nikaona haya kukataa chakula cha mwenye nyumba, nikala, tena nikaongeza.

Mkutanoni, katika ukumbi wa parokia, madaktari walikuja kutafuta tiba ya kina mama walioumia katika uzazi, na daktari mgeni akauliza ni mama gani mkojo unamtoka tangu uzazi. Mikono ikapanda. Akasema hao ndio watakaochunguzwa na kutibiwa, kisha akaanza kufunga mkoba. Nikaona choo hakuna aliyekiuliza, na mimi nitarudi nyumbani vilevile. Nikainuka haraka nimwahi, na hapo hapo tumbo likaniangusha, harufu ikajaa ukumbi, papa mmoja, mzee wa parokia, akaziba pua akauliza nani ameingiza mbuzi.

"Hapana mbuzi, papa. Ni miye," nikasema. "Docteur, unauliza mukojo tu. Na sisi ba mavi, nani atatuuliza?"

Kisha nyuma akasimama mama mmoja: "Na miye." Mwingine: "Na miye, tangu nizale mapacha." Likasimama benchi zima! Nililia kwa furaha, kikwembe kimelowa na sikujali.

Daktari akaweka mkoba chini, akakaa. "Pardon, bamama. Tulisahau. Munataka tutafute nini?"

"Mutafute namna tutakaa misa yote," nikamjibu (jirani wa benchi ameshanifunga kikwembe chake). "Mutuambie tule nini. Na kama kushona kunasaidia ao hapana, mutuambie ukweli."

Leo tuna chumba chetu cha kukutania hospitalini, na daktari anayetuuliza. Siku ya kwanza nilimkuta mlangoni dereva mmoja wa Beni, kofia mkononi, ananong'ona:

"Mama, miye lisasi ya vita ndiyo iliniharibu. Banaume nabo banaingia?"

Nami nilishaapa kwamba kunyamaza sirudii tena. Nikamshika mkono.

"Ingia, papa. Lakini humu tunasema kwa nguvu."