Plasta ya Fundi Kioo

Jina alilopewa na wazazi lilisahaulika hata na dada yake wa tumbo moja. Mtaa mzima ulimwita Kioo, kwa sababu ukuta aliopiga plasta yeye ulitoka laini hadi watu wakatania kwamba mtu angeweza kunyoa ndevu mbele ya ukuta huo. Naye alilipenda jina hilo kupita kiasi, tuseme ukweli. Akipita mahali palipojengwa nyumba mpya alikuwa hana budi asimame, apapase kazi ya fundi mwenzake kwa kiganja, kisha agune. Hakusema neno. Guno lile lilimtafutia maadui wengi kuliko matusi.

Saruji ndiyo iliyomlisha, na saruji ndiyo iliyomharibu kifua. Alikohoa asubuhi, akakohoa jioni, mpaka daktari akamwambia bila kupepesa macho kwamba achague kati ya vumbi lile na uhai wake. Akakaa nyumbani ameshika tama, akiwagombeza watoto kwa makosa ambayo hawajafanya. Mkewe alipochoka kumtazama alikwenda mwenyewe kumwandikisha kwenye mafunzo ya kujenga kwa udongo, yaliyofanyika katika kiwanja kilicho nyuma ya shule. Kioo alinuna siku mbili. Fundi mzima, alisema, mwenye mwiko wake na timazi yake, anapelekwa kuchezea matope kama mtoto asiye na wa kumwangalia.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba, mjenzi wa miaka mingi, ambaye saa za kazi alikunja sketi na kuingia kwenye tope kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ya kwanza aliwavua viatu wote. Kioo, aliyekuja na viatu vilivyong'arishwa, aliuliza kama amekuja kujenga au kukanda unga wa maandazi. Wenzake wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akamwonyesha mahali pa kuviweka viatu vyake.

Akakanyaga. Alijifunza kutia udongo kwenye chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha itulie, mpaka mchanga ukakaa chini na udongo wa mfinyanzi juu yake, uonekane upi umezidi. Alijifunza kufinyanga donge, kuliangusha kutoka usawa wa kifua na kulisoma lilivyopasuka. Alijifunza kuchanganya majani makavu yaliyokatwakatwa, kufyatua matofali na kuyaanika kivulini yasipasuke. Mkono wake ulikubali kazi hiyo upesi kuliko alivyotaka kukiri. Kikohozi kilipungua. Mkewe aliona amerudi kutania mezani, akanyamaza asije akamtia nuksi.

Baada ya mvua za juma zima Mwalimu aliwapeleka kwenye nyumba moja ya jirani iliyohamwa na wenyewe. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyovishwa plasta ya saruji, na plasta yenyewe ilikuwa nzuri. Kioo aliipapasa kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuguna. Mwalimu akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka juu akishuka. Juu sauti ilikuwa nzito. Karibu na ardhi ikabadilika, ikawa kama anagonga mtungi mtupu. Alipobandua kipande kidogo kwa patasi, nyuma yake ulitoka udongo laini, ukimwagika kama uji.

Akawaeleza. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa, ndivyo unavyoishi. Ukiuvisha saruji, maji yanapanda kutoka ardhini, mengine yanapenya kwenye nyufa za juu, na hayana pa kutokea. Ukuta unaoza ndani huku nje unameta. Kisha akawapa utaratibu wa kuutibu, akaurudia mara mbili. Watu watoke kwanza. Paa na ukuta viegemezwe kwa nguzo. Plasta ibanduliwe wakati wa kiangazi, kuanzia juu kwenda chini. Mguu wa ukuta uliooza usiguswe kabla ya hayo yote, maana gamba la saruji ndilo pekee linaloushikilia.

"Ukianzia chini," alisema, "umemkata mtu miguu akiwa amesimama."

Wenzake waliuliza maswali. Kioo alikuwa ameketi juu ya tofali. Alikuwa anaiona nyumba ya mama yake.

Nyumba ile ilijengwa na marehemu baba yao kwa udongo na mikono yake. Mama alipobaki mjane, Kioo aliipiga plasta ya saruji ndani na nje ili asionekane mjane wa kuhurumiwa, na kazi ile aliifanya kwa ustadi kuliko zote za maisha yake. Mama alifurahi hadi akalia. Kila asubuhi aliupangusa ukuta kwa kitambaa, na hakuna mgeni aliyekaribishwa maji kabla ya kuvutwa mkono aje aupapase. Baadaye, nyuma ya nyumba, chini, lilitokea baka jeusi la unyevu. Kioo aliliona. Akalifunika kwa mkanda wa rangi nyeusi kuuzunguka msingi wote, na watu wakasifu mkanda huo pia.

Alitoka mafunzoni mchana huohuo akaenda moja kwa moja. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Mbele ya mlango alimkuta mama akimsindikiza jirani, akimwambia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo kwamba mvua yote ile haijamwaga hata punje ya ukuta wake, na fundi mwenyewe ndiye huyo anakuja. Jirani akampa mkono wa pongezi. Maneno yote yakamtoroka.

Akamwambia mama afunge nguo chache akakae kwa dada siku kadhaa, apate kupaka rangi upya. Mama akasema rangi iliyopo bado nzuri. Akamwambia harufu ya rangi itamdhuru. Mama akacheka, akasema harufu itakayomdhuru ni ya soksi za wajukuu kwa huyo dada yake, na isitoshe nyumba amwachie nani?

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: mama, nyumba hii niliiharibu. Mtoto wa shule angeyasema. Lakini mtu aliyezoea kuwagunia wenzake hajui kuanza kujigunia mwenyewe, na Kioo, nasema kwa uchungu, alimwonea mama yake haya kuliko alivyomwonea huruma. Akainama, akasema basi, hakuna shida, akazunguka nyuma ya nyumba.

Akagonga. Mtungi mtupu, kuanzia usawa wa goti hadi chini, upana wa ukuta mzima. Alijua alichokisikia, na utaratibu wa Mwalimu alikuwa nao wote kichwani. Ila kuweka nguzo kungeonekana na watu, na kubandua kutoka juu kungeonekana na mtaa mzima. Akajidanganya kwamba tundu dogo chini, palepale nyuma ambapo mama hapiti, lingeyapa maji njia kwa sasa, na kiangazi kikija angefanya vizuri. Akatoa patasi mfukoni. Nyundo aliyotoka nayo mafunzoni akaiviringishia kitambaa ili isisikike.

Mama alikuwa ndani, amekaa mkekani akichambua maharage, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta uleule. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Nachimba mfereji, maji yasituame hapa."

"Haya, baba. Angalia usijiumize mkono."

Kipande kilichobanduka hakikuwa kidogo. Plasta ya Kioo ilishikana sawasawa, kama kazi zake zote, na ilipoachia iliachia pamoja, bamba refu kama mlango. Udongo ukafuata. Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha paa likaja juu yake. Aliita mama, akaita tena, akaanza kufukua kwa kucha. Majirani walikuja na majembe wakamsukuma kando. Walipomfikia mama, maharage yalikuwa bado kwenye mkunjo wa nguo yake, na yeye alikuwa amekwisha kukata roho.

Msibani waliilaani mvua, wakaulaani uzee wa nyumba. Wakampa Kioo pole za pekee kwa kuwa, kama alivyowaambia, alikuwa pale pale akichimba mfereji wa kumwokoa mama yake. Mtoto mwema, walisema. Akazipokea pole hizo moja moja. Sijui mtu anapokea vipi kitu kama hicho bila kupasuka. Kwa dada yake tu ndipo alipojikaza, wakiwa wawili karibu na majivu ya meko, akamweleza yote tangu mkanda wa rangi hadi kitambaa cha nyundo.

Dada alisikiliza hadi mwisho. "Angetoka," alisema. "Ungemwambia kweli angetoka siku hiyohiyo, na watu wakikusema, yeye ndiye angekutetea."

Hakumtukana, hakumfukuza. Tangu siku hiyo anamsalimia Kioo kwa adabu zote, kama anavyosalimiwa mgeni.

Kioo alirudi mafunzoni kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alifanya kazi kimya. Hakutania tena mezani, wala hakupapasa ukuta wa mtu. Kikohozi nacho kikarudi.

Muda ulipita, Mwalimu akaitwa kuangalia nyumba nyingine ya udongo yenye plasta ya saruji, nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Aligonga ukuta wa nje kwa kifundo cha kidole, wote wakasikia ule mtungi mtupu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni amejaa tabasamu, akieleza jinsi kijana wake alivyojinyima ili ampambie nyumba. Mwalimu akawageukia wanafunzi wake, akauliza ni nani atamwambia. Wakatazama vidole vya miguu yao.

Kioo akasogea mlangoni, akaamkia. "Bibi, ukuta wako umeoza ndani," alisema. "Aliyeuozesha ni fundi kama mimi, hakujua. Toka nje kwanza, mengine tutaongea ukiwa huku."

Tabasamu la bibi likafifia. Aliutazama ukuta uliokuwa unameta, akamtazama yeye kutoka juu hadi chini, kwa hasira.

"Na wewe umejuaje?"

"Mama yangu nilimwambia nachimba mfereji," alisema Kioo.

Bibi hakuelewa maneno yale, lakini aliuona uso. Akachukua kigoda chake, akatoka.