Nyumba ya Nduna Imegeuzwa Fremu

Wenzangu mliokulia Majengo, mliocheza rede mpaka jua likawakimbia, bila shaka mnaikumbuka nyumba ya babu yangu. Mji mzima uliiita Nyumba ya Nduna. Baba yake babu alikuwa nduna, mkubwa wa vijiji chini ya chifu wa Wangoni, na babu alipoamua kuhamia mjini alisema mtoto wa nduna hajengi banda. Akamtafuta fundi aliyefunzwa kazi na mapadri, wakachoma matofali yao wenyewe, wakainua kuta nene hivi kwamba sisi watoto tulikaa madirishani kama tuko kwenye benchi.

Ukiingia getini ulikuta ua uliofagiwa, kisha baraza yenye matao, kisha sebule ya wageni. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu. Tuliisugua kwa nta kila Jumamosi, tukiteleza kwa makalio na kupigana vikumbo, mpaka ukiinama unayaona meno yako. Milango ilikuwa ya mninga. Juu vigae, si bati, ndiyo maana mvua ikinyesha sisi tuliendelea kupiga soga wakati majirani wanapigiana kelele. Nyuma kulikuwa na vyumba vyetu, jiko, na bustani ya mipera. Mbele pa watu, nyuma petu. Wazee walioleta mashauri yao hawakuvuka sebule, na sisi hatukuthubutu kukatiza barazani bila kupiga goti na kusema shikamoo.

Ile baridi ya Julai mnaijua. Tulijibana jikoni tukimenya magimbi ya moto, dagaa wa Nyasa wakikaangwa, na bibi akitukaripia, “Nyumba hii ilikuwa na adabu kabla ninyi hamjazaliwa. Ifuateni!” Siku ya Krismasi, misa ikiisha, ngoma ya lizombe ilichezwa pale uani mpaka vumbi likafika kwenye matao.

Shangazi Emeriana, mdogo wake baba, hakuolewa. Ndiye aliyewauguza babu na bibi mpaka wakazikwa. Babu alipoona siku zake zimekaribia aliwaita wanawe wote akasema nyumba ni ya ukoo, haiuzwi, haivunjwi, na Emeriana akae humo mpaka Mungu amwite. Wote waliitikia. Baba mdogo aliitikia, na mwanawe Gervas alikuwa amekaa mlangoni akisikia. Huyo Gervas nimekula naye sahani moja.

Mimi nafundisha Dodoma. Mwaka jana nilikuja likizo, nikashuka stendi na kupanda bodaboda moja kwa moja mpaka Majengo. Kijana akasimamisha pikipiki. “Tumefika, mama.” Nikamwambia amepotea. Hakuwa amepotea. Palikuwa na safu ya fremu za maduka, vioo vitupu, vigae vya kuteleza kama vya bafuni, spika inapiga kelele. Nikajua Shangazi amekufa na wamenificha. Nikampigia Gervas.

“Yuko Mshangano, dada,” akasema, sauti tulivu kabisa. “Nimempangishia chumba kizuri.”

Nilimkuta Shangazi amekaa kitandani. Masanduku yake bado yamefungwa kamba.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umepita nyumbani? Wale mafundi wamemaliza paa?”

Mniambie ninyi, ningejibu nini? Gervas alikuwa amemwambia ahame kidogo, wabadilishe vigae vilivyopasuka. Mama yule alikuwa anasubiri kurudi. Nilimshika mikono nikamwambia ukweli: “Shangazi, nyumba haipo. Gervas ameivunja.” Hakulia. Akaomba kitenge chake, akajifunga, akasema, “Nipeleke.”

Pale kwenye fremu Gervas alikuwepo, pamoja na binti yake Nadia, msomi wa chuo kikuu Dar es Salaam. Kabla hatujapumua, Nadia, ambaye maskini hakujua lolote, akaninyoshea simu. “Shangazi, ona nyumba hii ya mabwanyenye wa Ufaransa! Unaingia getini, unakuta ua, halafu nyumba, halafu bustani nyuma. Wenzetu wanajua kutunza!”

Nikamwuliza, “Na hapa uliposimama palikuwa na nini?”

“Si palikuwa na nyumba ya udongo?”

Tangu hapo sina hamu na vijana wanaojua mageti ya Ulaya na hawajui mlango waliotokea. Lakini huyu nimlaumu nini? Baba yake ndiye aliyemwambia.

“Dada, tusiaibishane mbele ya wapangaji,” Gervas akasema. “Haya ni maendeleo.”

Shangazi akamsogelea. “Ulinidanganya kwa sababu gani?”

Gervas akainamia simu yake.

“Nijibu, Gervas.”

“Nilijua ungekataa.”

“Kwa hiyo ulijua si haki yako.”

Akageuka, tukaondoka.

Wazee wa ukoo walikutana. Wakasema maji yakimwagika hayazoleki. Gervas akatoa mbuzi wa kuomba radhi, akachinjwa, wakala, wakafuta midomo. Mimi sikula. Nilimwomba Shangazi twende Dodoma, akakataa kuyaacha makaburi ya wazazi wake. Sasa anaishi Matogoro, katika nyumba niliyompatia, na mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani anamwangalia. Wananiambia nisamehe. Wananitumia mahubiri kwenye simu. Nasema bado, na wasinihimize.

Sisemi zamani hapakuwa na waovu. Walikuwepo, na walijulikana kwa majina. Lakini zile enzi zetu, mzee alitolewa nyumbani kwake siku moja tu, amebebwa mabegani, kengele ya kanisa ikilia na mji mzima umesimama. Siku hizi anatolewa akiwa anatembea kwa miguu yake, anaambiwa apishe mafundi.