Kichwa Kimoja, Vijiko Vitano

Mama Kijiko, Mungu amrehemu, alilipata jina hilo ukubwani, akiwa na miaka hamsini na mitatu, na waliompa ni wanafunzi wa chuo waliokaa kwenye benchi wakisubiri kunyolewa. Hakulikasirikia. Alisema kuna watu Mungu aliwabadilishia majina wakiwa wazee kuliko yeye.

Mwanawe wa mwisho alikuwa mwaka wa pili, akisomea upimaji wa ardhi, na kando ya masomo alikuwa na saluni ya kunyoa ndani ya stoo ya zamani nyuma ya bweni: kioo, mashine mbili, benchi, na kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka. Saluni hiyo ndiyo iliyomweka chuoni. Tatizo lilikuwa saa. Vipindi vya asubuhi viliisha saa saba mchana, na hapo ndipo vichwa vyote vya chuo vilipopata nafasi. Wenzake wakishika sahani, yeye alishika mashine. Chakula chake cha mchana kilikuwa soda na biskuti, anauma huku akipuliza nywele kwenye kitana. Jioni alikula chipsi amesimama. Asubuhi hakula kitu.

Ikigonga saa nane, mkono ulianza kutetemeka. Mwanafunzi mmoja alitoka na njia katikati ya utosi, pana ya kupita baiskeli. Mwingine aliondoka huku masikio yakionekana hayalingani, ingawa kosa lilikuwa la nywele.

"Na huyu ndiye atakayekuja kutupimia mashamba," alisema mmoja wao. "Tutapigana na majirani mpaka tuishe."

Malalamiko ya tatu yalipomfikia mlezi wa bweni, aliyemruhusu kutumia stoo ile, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. "Ijumaa saa saba unaninyoa mimi. Nikitoka na kichwa kizima, endelea na kazi. Nikitoka na shimo, mafagio yangu yanarudi humu."

Kijana akampigia mama yake simu.

"Mama, niombee. Mkono unanitetemeka. Nadhani kuna mtu hanitakii mema."

"Nitakuombea. Leo umekula nini?"

"Mama, mimi naongea habari za watu wabaya."

"Nimekusikia, baba. Umekula nini?"

"Soda."

"Soda ni maji yenye kelele. Na jana?"

"Biskuti."

"Basi huyo asiyekutakia mema namfahamu. Nilimzaa mwenyewe."

Jumatatu alishuka kwenye basi, akaweka begi kwa mdogo wake aliyekaa jirani na chuo, na saa saba akaingia saluni na hotpoti la wali, maharage na mboga za majani, na ndizi mbivu mfukoni. Akamwomba mwanawe afunge mlango ale kwanza. Kijana akakataa katakata, wateja watakimbia. Ndipo mama akatunga sheria: kila kichwa kikiisha, vijiko vitano, kabla kingine hakijakaa. Na kijiko alikishika yeye, maana mikono ya mwanawe ilikuwa imejaa nywele za watu.

"Bado viwili, kinyozi," benchi lilimkumbusha. "Tunahesabu."

"Mvueni mteja hilo shuka mumfunge yeye, asijimwagie," mwingine alidakia.

"Mama, na sisi je?" aliuliza aliyefuata zamu.

"Wewe mwombee ashibe," alijibu mama. "Mashine inakuja kichwani kwako."

Jumatatu kijana aliona aibu. Jumanne alinuna. Jumatano alifungua mdomo kabla hajaambiwa. Alhamisi mkono ulitulia tuli, na hakuna aliyetoka na njia.

Ijumaa mlezi wa bweni alifika saa saba kasoro, kikao kikimsubiri saa nane. Akakaa, akafungwa shuka shingoni. Kijana akawasha mashine.

"Hajala," alisema mama.

"Mama, leo acha. Huyu ni mlezi."

"Ndiyo maana. Wale ukiwaharibia, umeharibu nywele tu. Huyu ukimharibia, umeharibu na stoo."

"Mama, nina kikao," alisema mlezi.

"Hatutakuchelewesha. Tuombe."

Akaombea chakula. Akamwombea aliyelima maharage. Akaombea mashine, ile nzima na ile inayong'ata, na umeme usikatike. Mwisho akaombea kichwa cha mlezi, kwa kirefu, mbele, nyuma na pande zote mbili. Kisha akamlisha mwanawe vijiko vitano, na upande wa kushoto ulipokwisha akafunua hotpoti tena.

"Zima mashine. Vitano vingine."

"Si ni kichwa kimoja?" aliuliza mlezi.

"Hiki nimekihesabu viwili."

Benchi zima liliinama kutafuta kitu sakafuni. Mlezi, nusu amenyolewa, akawa anakitazama kijiko kikienda na kurudi. Tumbo lake likanguruma mpaka kijana akaangalia kama mashine imezimwa kweli.

"Mlezi," alisema mama, "wewe umekula nini leo?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na... chai."

Mama akatoa kijiko cha pili.

Kikao kilianza bila mlezi. Alipojitazama kwenye kioo hatimaye, alikuta kichwa kizima, na mstari wa paji la uso umenyooka kama umepimwa kwa kamba. Akakipapasa nyuma na mbele, akitafuna ndizi.

"Stoo endelea nayo," alisema. "Ila saa saba mpaka saa saba na nusu mlango unafungwa, unakula. Nikikuta mteja kwenye kiti, nachukua ufunguo."

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani, Mama Kijiko alisimama nje ya mlango uliofungwa.

"Shikamoo mama. Kinyozi yupo?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Marahaba. Yupo, anakula."

"Atamaliza saa ngapi?"

"Nilimfundisha kutafuna polepole," alisema mama. "Nenda na wewe ukale, kichwa chako kitakungoja."