Mnyororo wa Ng'ombe Chini ya Boneti

Kuna watu hupewa onyo na daktari. Mimi nilipewa na Mama, kwa simu, nikiwa jikoni kwangu mjini, mtaa wa Section 58, nasonga ugali.

“Jumamosi mtu wa skrapu anakuja na lori. Kama hiyo gari itakuwa imenguruma, sawa. Kama haijanguruma, inapanda lori.”

“Mama, imebaki kidogo tu.”

“Hata Krismasi ulisema kidogo. Hiyo kidogo yako ni ndefu kuliko barabara ya Nairobi.”

Akakata simu. Ugali uliungua hivi kwamba majirani walitoka nje kuuliza ni nyumba ya nani inateketea.

Pikapu yenyewe ilinizidi umri. Baba aliinunua ikiwa tayari imezeeka, akaiendesha polepole miaka na miaka kama mtu aliyebeba mayai, halafu akafariki, akamwachia Mama funguo. Watu wa kijijini kwetu Dundori wakangoja aiuze. Badala yake Mama, na wajukuu alikuwa nao tayari, akaenda kujifunza kuendesha. Kuanzia hapo akawa anashuka mjini asubuhi na mitungi ya maziwa, viazi nyuma, kitambaa kichwani, shingo imenyooka utadhani ni waziri anakwenda kufungua daraja. Mteremko ule wote hakukuwa na mama mwingine wa rika lake aliyejiendesha mwenyewe.

Injini ilipokufa, akaanza kuomba lifti. Nilimkuta siku moja kando ya barabara na mtungi wake, anangoja dereva fulani aamue kama ana nafasi. Hakulalamika. Aliniambia tu baridi imezidi siku hizi. Hapo ndipo mimi, kwa mdomo huu huu, nilipomwahidi injini nyingine.

Tuliipata mjini, imetolewa kwenye gari dogo kutoka Japani, safi, inang'aa, ungeweza kuchania nywele mbele yake. Shida ni kwamba ile ya zamani haikujua kompyuta ni nini, na hii mpya ilikuja na kompyuta yake pamoja na mkia wa waya. Wacha nikuambie kuhusu zile waya: ungezinyoosha zingefika Naivasha, zikarudi, na zikabaki za kuanikia nguo.

Rafiki yangu makanika wa Lanet alisema chuma ni chake, waya ni zangu. Sikubisha. Mimi nina cheti. Nilisomea umeme wa nyumba kwenye masomo ya jioni, baada ya kazi, nikishikilia kope kwa vidole. Cheti hicho nimekipiga plastiki na kukitundika juu ya televisheni, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi.

Mashine ya kuinulia injini hatukuwa nayo, kwa hivyo tulichukua mnyororo wa ng'ombe wa Mama, tukaupitisha juu ya boriti ya zizi, tukavuta. Ng'ombe alifungwa kwa kamba, akatuangalia kama afisa aliyevuliwa cheo. Injini ya zamani ikatoka. Tukaingia ndani kunywa chai.

Huku nyuma Mama alitoka na mkebe wa rangi ya bluu. Ilikuwa imebaki alipopaka geti, na kwa Mama rangi ikibaki haipati kupumzika: tangi la maji ni bluu, mlango wa kuku ni bluu, stuli ya kukamulia ni bluu. Tuliporudi, chini ya boneti kote kulikuwa kumepakwa, mara mbili, mpaka vichwa vya bolti.

“Mlitaka injini mpya iingie kwa nyumba chafu?” akatuuliza.

Tulicheka sana. Rangi ikakauka, tukashusha injini mahali pake, nami nikaanza waya.

Nilipanda Dundori wikendi baada ya wikendi, nikaunga, nikafunga tepu, nikafungua, nikaunga tena. Na gari likajibu, tena lilijibu kwa furaha. Ukiwasha taa kubwa, indiketa zilikukonyeza. Ukiweka indiketa ya kushoto, wipa zilipiga saluti moja zikarudi kulala. Ukikanyaga breki, honi ililia kwa sauti ya mbuzi mwenye homa. Na ukigeuza ufunguo, stata ilizungusha injini vizuri kabisa, ikazungusha, ikazungusha, na injini haikuwaka.

“Prof,” makanika akasema, “hii si gari. Hii ni disko.”

“Inazoea.”

“Umeangalia arthi?”

Nilikaribia kukasirika. Arthi ni ile njia ya umeme kurudi kwenye betri ukishamaliza kazi. Bila hiyo unatangatanga na kuingia kwa milango isiyo yake. Kuniuliza mimi arthi! Swali la arthi kwenye mtihani nililijibu hadi mwalimu akalisomea darasa zima jibu langu. Kwenye nyumba unapiga fimbo ya shaba ardhini. Kwa hivyo Jumapili ile ile nikapiga fimbo ya shaba kando ya zizi, nyundo kwa nyundo, nikavuta waya nene kutoka kwenye fimbo mpaka kwenye bampa, nikasimama kando kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Makanika alizunguka ile fimbo, akaiangalia, akaniangalia.

“Prof.”

“Sema.”

“Hii gari ikianza kutembea, tutaenda na shamba?”

Nilimwambia hilo tutalitatua baadaye. Yeye akasema basi haina neno, hata yeye alikuwa amefunga waya wake mnene kati ya injini na bodi, na akaukaza kwa nguvu zake zote. Basi arthi tukaiachilia huru, sisi wawili, mahakama nzima. Tukashuku fyuzi, tukashuku kompyuta, tukashuku Wajapani.

Jumamosi ikafika na pikapu haijanguruma.

Mtu wa skrapu alikuwa mtaratibu, koti kubwa, kofia ya sufu. “Habari ya asubuhi, mathe. Ni hii?”

“Ni hiyo,” Mama akajibu, akachukua ufagio na kuanza kufagia mahali alipokuwa amemaliza kufagia.

Yule bwana akafungua boneti. Mnyororo wa ng'ombe ulikuwa bado umefungwa kwenye injini; tuliuacha kwa sababu makanika alisema bado haiamini ile injini, huenda tukaitoa tena. Upande mmoja ulining'inia. Yule bwana, asije akauburuta wakati wa kuvuta, akauchukua akauning'iniza kwenye ile pete ya chuma iliyo mbele, ya kuvutia gari likikwama. Pete hiyo ilikuwa imevutwa kutoka kwenye matope mara nyingi sana hata rangi ya Mama haikuishika. Ilikuwa imelambwa na kamba, nyeupe pee.

“Mama,” nikasema, “nipe mara moja ya mwisho.”

“Jaribu.” Hakuinua macho kwenye ufagio. “Usije ukasema sikukupa.”

Nikaingia. Nikageuza ufunguo nusu, na nyuma yangu, kwenye tangi, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia wikendi zote zile: nnnnnn. Pampu ya mafuta! Nikamalizia kugeuza.

Iliwaka. Haikukohoa wala kusitasita, iliwaka kama iliyokuwa imekerwa na kelele zetu tangu mwaka jana. Kuku walipaa, na nasema kweli, mmoja alipita juu ya antena. Makanika alimkumbatia mtu wa skrapu. Mama alisimama na ufagio wima mkononi kama askari wa gwaride.

“Ngoja, ngoja,” mtu wa skrapu akasema, “basi nitoe hii kitu yenu.” Akautoa mnyororo kwenye pete.

Injini ikazima.

“Aii! Sijagusa kitu!”

“Rudisha!” nikapiga kelele. “Rudisha mnyororo!”

Akarudisha. Nikageuza ufunguo. Ikawaka. Tulitazamana na makanika kupitia kioo, na nikaona akifika mahali nilipokuwa nafika. Umeme ulikuwa umepata njia ya kurudi nyumbani: kutoka kwenye bodi, kupitia mnyororo wa ng'ombe, hadi kwenye injini na betri. Ule waya wake mnene ulikuwa umekazwa juu ya matabaka mawili ya rangi ya geti, kama mtu aliyelala juu ya godoro akidai yuko sakafuni. Na fimbo yangu ya shaba ilikuwa imetoa arthi safi kabisa kwa minyoo wa Dundori.

Nilicheka mpaka nikashika usukani nisianguke. Makanika alikuwa amekaa chini tayari.

Tukachukua kisu, tukaanza kukwaruza.

“Polepole na rangi yangu!” Mama akafoka.

Mtu wa skrapu alikuwa ameegemea lori lake, anaangalia ile bluu chini ya boneti, imepakwa kwa uangalifu mpaka kwenye pembe ambazo hakuna mtu angeziona. Akatikisa kichwa.

“Mathe, na nikuulize. Tangu lini mtu anapaka rangi gari ya kuuzia mtu wa skrapu?”

“Ilikuwa imebaki,” Mama akasema.

Waya ulipokaa kwenye chuma kitupu, disko ilikwisha. Indiketa zilikonyeza pale tu zilipoitwa, wipa zikaacha saluti. Ni honi peke yake iliyoendelea kulia ukikanyaga breki, tena sasa kwa sauti ya treni, kwa sababu hiyo haikuwa arthi. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu, waya mbili za kijani nilizozichanganya. Nikachukua bisibisi niirekebishe.

“Toka hapo,” Mama akaniambia. Alikuwa ameshafunga kitambaa na kuweka mtungi nyuma. “Utarekebisha siku nyingine.”

“Mama, utakuwa unapiga watu honi kila ukisimama.”

“Si watajua nimepita?”

Akaingia, akanyoosha shingo, akamwambia mtu wa skrapu asogeze lori lake. Tulimsikia mteremko wote: kimya, halafu honi kwenye kona ya kanisa, kimya, halafu honi kwenye daraja, halafu honi ndefu mahali ambapo zamani alikuwa akingojea lifti.

Ile honi sijairekebisha, kila nikishika bisibisi napewa chai. Ng'ombe alirudishiwa mnyororo wake na anafungwa kwenye ile fimbo ya shaba. Hakuna ng'ombe mwingine Kenya nzima aliye na arthi.