Kifungu cha Elfu Moja

Nitasema ukweli mapema ili nisije nikajifanya mtu mwema. Kwa miaka sita nilimwona shemeji yangu kuwa bahili asiye na huruma, na nilimwambia hivyo mezani kwake, huku nikila chakula chake.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi, na amefanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi ya bajeti ya wizara ya afya. Kazini wanamwita Mama Vifungu, kwa sababu kila kifungu cha bajeti ya wizara anakijua kwa namba. Muulize kifungu cha dawa za kifafa, atakutajia kabla hujamaliza swali. Muulize mume wake alizaliwa lini, atafikiri kidogo.

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Naongoza karakana iliyoko nyuma ya hospitali kubwa ya serikali, chumba kimoja kirefu chenye meza nne, mashine ya kusaga na tanuri la umeme la kulainishia plastiki. Tanuri ndilo roho ya kazi yetu. Unapima kigutu kwa plasta, unatengeneza umbo lake, halafu bamba la plastiki linaingia tanurini mpaka lilegee, ndipo unalivisha juu ya lile umbo. Joto lisipokuwa sawa, mguu unambana mtu upande mmoja na kumchubua, naye atauvua na kuutupa uvunguni. Tanuri letu lilikuwa limezeeka. Liliunguza kushoto, kulia likaacha kubichi. Zamani tulitoa miguu minane kwa wiki, ikafika mahali tukitoa miwili tunapongezana. Orodha ya wanaosubiri ikafikia watu mia mbili na kumi na wawili.

Sasa, katika kitabu cha bajeti ya wizara kulikuwa na kifungu cha mashine za karakana yetu. Kilikuwemo tangu kabla sijaoa, kwa hiyo asitokee mtu wa kusema nilikipenyeza kindugu. Kila mwaka niliandika maombi ya tanuri jipya, na bei nikaweka, na barua ya mganga mkuu nikaambatanisha. Kila mwaka kitabu kilitoka, na mbele ya kifungu chetu paliandikwa elfu moja. Elfu moja kavu, ya kununulia vipande viwili vya sabuni. Juu yake magari, mamilioni. Chini yake samani za ofisi, mamilioni.

"Shemeji," nilimwuliza mwaka wa kwanza, "hii elfu moja ni ya nauli ya kwenda kuliangalia tanuri dukani?"

"Kula, shemeji. Chakula kinapoa."

"Si bora ungeandika sifuri tu, mtu ajue moja?"

"Usiombe hilo," alisema. "Siku ukiona sifuri hapo, njoo na leso."

Hakueleza zaidi. Na kilichonikera kuliko yote ni kwamba alikuwa hajawahi kutia mguu karakana kwetu. Nilimwalika nikachoka. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Kila idara ina kilio chake. Nikija kwenu itabidi niende na kwa wengine, halafu nitaanza kukata kwa macho badala ya kukata kwa hesabu." Nikaona ni maneno ya mtu anayekwepa. Wagonjwa walikuja kwangu wakiegemea magongo, nami nawaambia rudini baada ya miezi minne, halafu jioni nakutana na mwanamke mwenye kalamu anayeniambia habari za hesabu. Nilikuwa namchukia kidogo, siku hizo. Mke wangu alijua, akawa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Mwaka ninaousimulia hali ilikuwa ngumu kupita kiasi. Hazina huanza kwa kuipa kila wizara barua ya ukomo, yaani kiasi ambacho wasiombe zaidi yake, na mwaka ule ukomo wa afya ulikuwa chini kuliko wa mwaka uliotangulia. Maofisa wa bajeti wa wizara zote wakakusanywa katika ukumbi wa chuo kimoja, wiki tatu, kila mmoja na kompyuta yake na makabrasha yake, wakiingiza tarakimu kwenye mfumo, wakiitwa na wakaguzi wa Hazina kuulizwa hiki cha nini, kile cha nini. Mke wangu alikwenda kumpelekea dada yake nguo safi, akarudi amenuna. "Dada amekonda. Mwaka huu usimchokoze."

Bila shaka nilimchokoza. Jumapili shemeji aliporudi kutoka chuoni nilikaa mezani kwake, nikaanza. "Eti shemeji, na mwaka huu nimepata sabuni zangu mbili?"

Aliweka kijiko chini. Nilidhani atanifukuza.

"Sikiliza, maana sitarudia," alisema. "Ukomo tuliopewa hautoshi hata mishahara na dawa. Lazima nikate. Nikikata kifungu chako kikawa sifuri, mfumo unakitoa, kitabuni hakichapwi. Kisipochapwa, Bunge halijakipitisha. Na kitu ambacho Bunge halijakipitisha, hata pesa zikibaki mahali katikati ya mwaka, hakuna anayeruhusiwa kuziingiza humo. Kukirudisha ni kuanza upya, andiko, kamati, Hazina, miaka mitatu hiyo. Lakini kikiwa na chochote, hata elfu moja, kiko hai. Pesa zinaweza kuhamishiwa humo kwa barua moja. Kila mwaka wananiambia nikifute kwa sababu kinachafua kitabu. Kila mwaka nagombana nao."

Mke wangu akajifanya anatafuta chumvi.

"Na pesa zimewahi kubaki?" niliuliza.

"Mara mbili. Mara zote mbili ukatokea ugonjwa wa mlipuko, zikaenda huko. Nasubiri ya tatu." Akaokota kijiko chake. "Alhamisi wizara yetu inapitishwa bungeni. Njoo ukae kwa wageni uone. Labda utanyamaza mwaka mzima."

Alhamisi nilivaa suti ya harusi yangu, ambayo siku hizi inanibana kwapani, nikakaa juu, sehemu ya wageni. Chini niliwaona wabunge katika viti vyao, na pembeni, nyuma ya ukingo mfupi wa mbao, maofisa wa wizara wakiwa wamebanana na mafaili magotini. Shemeji alikuwa mwisho wa benchi. Maofisa hawaruhusiwi kusema neno humo ndani hata paa lianguke. Wakitaka kumsaidia waziri wanaandika karatasi, na mhudumu wa Bunge anaipeleka.

Hotuba na michango ilikuwa imekwisha. Sasa Bunge zima lilikaa kama kamati, likiongozwa na mwenyekiti, na katibu akawa anasoma kifungu kimoja baada ya kingine. Kwa kila kimoja wabunge waliitikia "ndiyo" kwa sauti ya watu waliokula vizuri mchana. Mbunge anaweza kutoa hoja kifungu kipunguzwe au kifutwe. Kuongeza haruhusiwi.

Katibu alipofika kwetu, mzee mmoja akasimama. Alikuwa mwalimu mstaafu, na wenzake walimwita Kalamu Nyekundu kwa sababu anasoma vitabu vya bajeti ukurasa kwa ukurasa akivisahihisha kama madaftari ya darasa la tatu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "naona hapa ununuzi wa mashine, elfu moja. Namwomba waziri atuambie duka linalouza mashine kwa elfu moja, nami nikanunue."

Wabunge wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, kwa mazoea, kisha nikakumbuka niko upande gani.

Waziri alikuwa mgeni, ana miezi minne tu kwenye wizara ile. Alipekua kurasa. Alipekua tena. Akasimama na kusema kwa tabasamu, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hilo litakuwa kosa la uchapaji."

"Kama ni kosa, natoa hoja kifutwe," alisema Kalamu Nyekundu, na wala hakusema kwa ubaya. Ndivyo kosa linavyofanywa, linafutwa.

Miaka sita mwanamke yule amegombana na watu ili ile elfu moja ibaki, na waziri wake mwenyewe alikuwa ameikana kwa sentensi moja. Nilitaka kupiga kelele. Mlinzi wa mlangoni alikuwa na mabega kama kabati, nikabaki nimeshika kiti. Chini, shemeji alikuwa ameinama, anaandika. Hakuwa anatetemeka wala nini. Aliandika, akakunja karatasi, akainua mkono.

Mhudumu alikuja, mzee wa glavu nyeupe. Aliichukua ile karatasi. Akatembea hatua kama sita, akasimama, akamwinamia mwenyekiti, kama inavyotakiwa. Akaendelea. Akafika katikati, akainama tena. Wagonjwa wangu siku ya kwanza ya mguu mpya wanatembea haraka kuliko yule bwana.

"Hoja imeungwa mkono," mwenyekiti alisema. "Basi nawahoji. Wanaoafiki kifungu hiki kifutwe..."

Waziri alinyakua karatasi mkononi mwa mhudumu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba dakika moja." Na kwa ile haraka, badala ya kuisoma kwanza kimoyomoyo, aliisoma kwa kipaza sauti: "Mheshimiwa Waziri, tafadhali usiseme tena ni kosa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alijifunika mdomo. Waziri masikio yalimwiva, lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo, ikabidi ayaoge. Akaendelea kusoma: "Elfu moja tumeiweka kwa makusudi, ili kifungu cha tanuri la miguu ya bandia kibaki hai. Kikifutwa leo, hata pesa zikipatikana hatutaweza kulinunua. Watu mia mbili na kumi na wawili wanasubiri. Nilikiandika mimi, afisa bajeti."

Kicheko kilikatika. Kalamu Nyekundu alibaki amesimama, anaangalia ule ukingo wa mbao.

"Kimebaki hai hivyo kwa miaka mingapi?" aliuliza.

Waziri akageuka. Shemeji alionyesha vidole sita.

"Sita, Mheshimiwa."

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nane," mzee alisema. "Hili si kosa. Naondoa hoja yangu. Kanuni haziniruhusu kuongeza hata senti, ila zinaniruhusu kuuliza. Waziri wa Fedha yuko hapa. Pesa zikibaki popote katika wizara hii mwaka huu, zitaingia hapa kwanza?"

Waziri wa Fedha alitikisa kichwa kukubali.

"Kichwa hakiandikwi kwenye taarifa," mwenyekiti alimwambia. "Sema."

"Zitaingia, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Wanaoafiki kifungu kipite kama kilivyo?"

Wakasema ndiyo, na mara hii ilikuwa ndiyo ya watu walioamka. Na mimi niliisema kule juu, mlinzi akanitolea macho.

Nilimkuta shemeji nje, kwenye ngazi za nyuma, amekaa chini na viatu amevivua. Sasa ndipo alipokuwa anatetemeka. Nilikaa pembeni yake.

"Nisamehe, shemeji. Nimekusema vibaya miaka sita, mezani kwako."

"Na chakula hukuwahi kukisusa," alisema. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeshushiwa gunia. Hatukuwa tumepata kitu, ukitazama. Tulikuwa tumepata elfu moja.

Bajeti nzima ilipigiwa kura, ikasainiwa ikawa sheria. Mwezi wa saba wa mwaka wa fedha, ununuzi wa magari mawili ya wizara ulikwama, pesa zake zikabaki. Safari hii hapakuwa na mlipuko. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kama alivyosema. Tanuri lilishushwa kwenye lori siku ya Jumatano, tukalipokea watu wanane.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, mlango wa karakana ulifunguliwa akaingia shemeji. Hakuwa ameniambia anakuja. Alisimama na mkoba wake, akaangalia miguu iliyopangwa ukutani, akaangalia tanuri, hakuligusa.

"Mwaka huu nakuja bila kalamu," alisema.

Nikamketisha kwenye kigoda. Siku hiyo tulikuwa tunamfungia mguu mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, amesubiri mwaka na miezi tisa. Nilimkaza mikanda, nikamsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, nikampa maelezo ninayowapa wote: hatua tatu, pumzika, hatua tatu, pumzika, usiachie vyuma.

Alikwenda hatua tatu. Hakupumzika. Alifika mwisho wa vyuma, na badala ya kugeuka akaviachia, akapita kati ya meza zetu, mkono mmoja ukigusa kila meza, akausukuma mlango akatoka nje. Nilimwona dirishani akivuka ua kuelekea geti la hospitali.

"Mama, rudi, bado sijakusainia," nilisema, nikaanza kumfuata.

Shemeji alinishika mkono wa shati. Alikuwa analia waziwazi, na uso wake wote unacheka.

"Mwache, shemeji," alisema. "Huyo amechelewa kazini."